Unga Mweupe Kwenye Supu ya Wakwe

Leo mzee mzima nimepandisha shati hadi kifuani mbele ya wakwe. Mchungaji naye alikuwepo.

Nimerudi nyumbani sasa hivi. Viatu sijavua, koti sijavua, nimekaa kwenye sofa na simu mkononi. Nyie wa kundi hili hamnijui sana. Mimi ndiye yule anayesoma meseji zenu zote na hajibu hata moja. (Dole gumba langu ni kubwa kuliko herufi za simu. Hilo halikupungua.) Lakini leo nisipoandika nitapasuka, na kwa tumbo tulilobakiziwa sisi, kupasuka si jambo la mbali.

Nijitambulishe. Jina langu Anaeli, mtu wa Masama, nakaa Soweto hapa Moshi mjini. Shule niliachia darasa la nne. Darasa la tano lilinikuta machinjioni nimeshika mkia wa ng'ombe. Nimeuza nyama maisha yangu yote na sikumwomba mtu kitu. Nyumba hii nimeijenga kwa mapaja na mbavu, tofali kwa tofali. Ina vyumba vingi kuliko watu. Watu wenyewe ni mimi.

Kama nyie wote humu, nilikatwa tumbo ili nipungue. Nilifika mahali sukari inapanda, magoti yanalia, nikiingia kwenye pikapu yangu inalala upande mmoja kama inataka kunitema. Daktari huko Dar akaniambia, tutakata tumbo, tutakuachia kipande chembamba kama ndizi. Nikamwambia kata. Nilikwenda peke yangu na kurudi peke yangu. Watoto wako mbali na kazi zao, huku wanakuja Desemba tu. Mama yao alishatangulia. Majirani niliwaambia nakwenda Singida kuangalia ng'ombe.

Basi nilipoanza kukonda, maneno yakaanza. Wengine wakasema ni ule ugonjwa. Wengine wakasema biashara imekufa, mzee anakula mara moja kwa siku. Mchungaji wetu ndiye aliyeniokoa, tena bila kuombwa. Jumapili moja akaninyooshea mkono kutoka mimbarini: "Mtazameni Mzee Anaeli. Mtu anayeshinda kwenye nyama, lakini ameweza kuutawala mdomo wake. Huo ndio utashi." Kanisa zima likageuka. Ningefanya nini? Nilikaa wima. Tangu siku hiyo watu wananisimamisha njiani wananiuliza siri, nami nawajibu neno moja: nidhamu. (Nidhamu yangu ilifanyika nikiwa nimechomwa sindano ya usingizi.)

Sasa shida yetu mnaijua. Tumbo ni dogo, mwili bado unadai. Yule dada wa lishe wa hospitali huwa ananipigia simu, na salamu yake ni moja: "Mzee, protini umepata?" Anasema protini kwanza, kabla ya ndizi, kabla ya ugali, kabla ya kitu chochote, la sivyo mwili utaanza kula misuli yangu mwenyewe. Nikamwambia, binti, mimi nimelala na nyama na kuamka na nyama, leo ndio nikose protini? Akacheka. Lakini ndivyo ilivyo. Nyama ya kuchoma hainipiti. Inasimama hapa katikati ya kifua na kugonga kama mgeni asiyefunguliwa mlango. Mnamwona mwenye bucha anavyoishi: nyama imening'inia kila upande, yeye amesimama dirishani na yai la kuchemsha. Nakula nusu. Napumzika. Ile nusu ya pili huwa naisimulia habari za siku kabla ya kuila. (Msiniulize juu ya hilo.)

Siku hizi kizunguzungu kimenianza na nywele zinabaki kwenye kofia. Dada wa lishe akasema, basi mzee, ongeza unga wa protini, changanya na maziwa au maji. Nikanunua. Kopo lake kubwa kama ndoo ya rangi, na juu wamechora kijana amevua shati, misuli imemtoka kama viazi vilivyofungwa kwenye neti. Mzee wa kanisa hawezi kutembea na kopo la namna hiyo. Kwa hiyo nikitoka namimina kiasi kwenye kifuko cheupe cha nailoni, vile vya kufungia chumvi dukani, napiga fundo, natia mfuko wa koti.

Mtu akifikiria sasa, anaona kabisa balaa lilikokuwa. Mimi sikuliona.

Leo ilikuwa posa ya Aikande. Aikande ni binti wa mdogo wangu, na mdogo wangu tulimzika, kwa hiyo baba yake kwa sasa ni mimi. Wakwe wanatoka Mabogini, watu wa mpunga. Kikao kilikuwa kule kwetu Masama, kwa mama yake. Bila mimi kukalia kile kiti cha mbele hakuna posa. Na binti mwenyewe anampenda huyo kijana mpaka ameanza kujifunza kupika wali usioshikana. Jana alinipigia.

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba mwanangu."

"Baba mkubwa, nakuomba kitu kimoja. Kesho usiwatanie wale watu."

"Niwatanie nini?"

"Mara ile uliwauliza kama miguu yao huwa inakauka."

"Niliuliza kwa wema. Mpunga ni maji."

"Baba mkubwa. Shangazi yao bado anaisema. Likiharibika kesho, wanasema hawarudi."

Nikamwahidi. Nikasema kesho nitakuwa kama picha ukutani.

Asubuhi nikachelewa kwa ajili ya suruali. Suruali zangu zote ni za yule Anaeli wa zamani. Nikifunga mkanda, kitambaa kinajikunja mbele kama pazia. Nikahangaika nayo mpaka nikatoka bila yai, bila maziwa, tumbo tupu. Nikajisemea nitakoroga unga hukohuko nikipata nafasi.

Nafasi haikupatikana. Ukifika nyumbani kwenu siku ya shughuli hupati hata dakika ya kujikuna. Shikamoo baba mkubwa, shikamoo babu, marahaba, marahaba, hujambo, umekonda jamani, nidhamu mwanangu, nidhamu. Halafu wakaniita nisimamie mbuzi. Hapo siwezi kukataa, kumpasua mbuzi mbele yangu vibaya ni kunitukana. Nikasimama, nikaelekeza, wewe kata hapa, wewe usivunje mfupa huo. Kidari kikawekwa pembeni, ni changu kama mkubwa wa ukoo. Nilikiangalia kile kidari. Zamani ningekimaliza nikiwa nimesimama. Leo nilikiaga tu kwa macho.

Jua lilipofika juu, migomba ikaanza kuzunguka. Nikajua ni ile hali. Nikashika ukuta, nikaingia ndani, nikakaa kwenye kiti changu.

Sebuleni tulikuwa hivi. Upande wetu mimi, na mama yake Aikande, shemeji yangu, akiingia na kutoka jikoni. Upande wa pili Mzee Samweli, baba wa kijana, mtu mkimya, mrefu, ana miwani ya kufungwa na uzi. Wazee wengine wa pande zote wamejipanga ukutani. Katikati mchungaji, kama refa. Shangazi wa kijana, yule wa miguu isiyokauka, alikuwa ametoka nje kidogo. Aikande yuko chumba cha pili, amefungua mlango kiasi cha sikio.

Niwaeleze desturi, maana humu kuna watu wa kila mahali. Kwetu mbuzi wa posa akishachinjwa, supu ya kwanza inatiwa kwenye kata moja, ile ya kibuyu yenye mpini. Mwenye nyumba anaonja. Akishaonja anampa mkwe, naye mkwe anakunywa. Hapo ndipo maneno yanaanza. Anayeonja kwanza anawaonyesha wenzake kwamba ndani hamna baya. Jambo hili nalijua tangu sijaanza kuvaa suruali.

Leo nililisahau kabisa. Nimejaribu kutafuta kwa nini, njia nzima ya kurudi. Nadhani mtu akila peke yake kila siku, anasahau kwamba chombo kinaweza kuwa cha watu wawili.

Shemeji akaniwekea ile kata mikononi. Ya moto, inafuka, mafuta yanacheza juu. Kichwa kinaniuma. Mimi nikawaza kitu kimoja tu: hiki ni cha majimaji, na mfukoni nina unga.

"Ngoja niipoze kidogo," nikasema. Nikasimama na kata yangu, nikatoka nje, nikaenda nyuma ya migomba.

Baadaye nimeambiwa kwamba wazee kadhaa walidhani nakwenda kuwamwagia mababu. Wakatikisa vichwa kwa heshima. Mchungaji akaangalia dari.

Nyuma ya migomba nikafungua fundo kwa meno, nikamimina. Nyie mnaojua mnacheka tayari. Unga ule haupendi moto. Ulijikusanya mabonge mabonge, yakaelea kama matapishi ya mtoto. Nikatafuta cha kukorogea. Nikapata kalamu mfukoni. Nikakoroga na kalamu, nikiangalia kushoto, nikiangalia kulia.

Kulia alikuwepo shangazi wa kijana. Anatoka chooni. Amesimama, mkono mmoja umeshika kanga.

"Shikamoo," akasema taratibu.

"Marahaba," nikasema, kalamu ndani ya supu, kifuko mdomoni.

Akaniangalia. Akaiangalia kata. Akakifuata kile kifuko kwa macho mpaka kikaingia mfukoni. Halafu akapita haraka. Nikajisemea, mama mwenye adabu, ameona mzee ana dawa zake na hakuuliza.

Nikarudi ndani, nikakaa, nikaonja kidogo. Joto likashuka kifuani vizuri. Nikaonja tena. Sebule nzima imeninyamazia inanitazama. Nikafikiri wanastaajabu nidhamu yangu.

Shemeji akainama sikioni kwangu. "Haya shemeji. Mpe mkwe."

"Nimpe nini?"

"Kata."

Jamani. Ilikuwa kama mtu amenimwagia maji ya mto wa juu kabisa, ya barafu. Nikatazama ndani ya kata. Mabonge yamejaa, na wino wa kalamu umechora duara.

Mzee Samweli ameshanyoosha mikono yote miwili, kwa heshima, kama inavyotakiwa.

"Hii," nikasema, "hii imeshapoa. Mletee mkwe nyingine."

"Kata ni moja, mkwe," Mzee Samweli akasema. Mikono bado iko hewani.

"Basi ngoja nimalizie mimi."

Sebule ikaingia baridi. Kumnyima mkwe kata ni kumwambia rudi ulikotoka. Nyuma ya mlango nikasikia pumzi ya Aikande ikikatika. Nikashikwa na huruma, mkono ukaanza kujinyoosha wenyewe kumpa Mzee Samweli ile supu, heri anywe mabonge kuliko posa ife.

Ndipo shangazi akasema kutoka mlangoni: "Kaka, usinywe."

Mikono ya Mzee Samweli ikarudi mapajani.

"Mwulizeni alichokuwa anafanya nyuma ya migomba," shangazi akaendelea. "Mwambieni atoe kilichomo kwenye mfuko wa koti. Kulia. Si huo, kulia kwako."

Nikatoa kile kifuko. Kimebaki na unga kidogo pembeni. Cheupe. Kimefungwa fundo. Nikakiweka mezani, na mezani kikaonekana kibaya zaidi kuliko kilivyokuwa mfukoni.

Nyie mnajua watu wetu na habari ya unga kwenye kinywaji cha mtu. Hakuna aliyetamka neno lenyewe. Hakukuwa na haja. Mzee mmoja wa upande wao alivaa kofia yake. Mwingine akaanza kutafuta fimbo.

"Ni dawa yangu," nikasema.

"Dawa ya nini?" shangazi akauliza.

Hapo ningesema, yangeisha. Lakini mchungaji ananiangalia, na wazee wote wananiangalia, wale niliowaambia nidhamu. Ulimi ukagoma.

"Ya nguvu," nikasema.

"Nguvu zipi hizo za kutiwa kwenye supu ya watu?"

"Si ya watu. Nilidhani ni yangu."

"Kama ni yako na ni nzuri," Mzee Samweli akasema polepole, "inywe yote, mkwe. Sisi tukuone. Ukimaliza tutaomba radhi na maneno yataendelea."

Haki kabisa. Hata mimi ningesema hivyohivyo. Ila yeye hakujua anachoniomba. Kata ile inabeba supu ya wanaume wawili wenye njaa, na mimi nina tumbo la ndizi. Nisipokunywa nina hatia. Nikinywa haikai. Nikatazama ule mlango uliofunguliwa kiasi cha sikio. Nikakumbuka wali usioshikana.

Nikanywa.

Ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita ikilalamika. Ya tatu ikakuta wenzake wamesimama mlangoni hawajaingia ndani. Nikaendelea, maana nikikusudia jambo mimi ni mkaidi, ndivyo nilivyojenga nyumba. Bonge moja likakaa hapa, katikati. Jasho likanitoka, mate yakaanza kujaa, yale mazito yenye povu mnayoyajua. Nikaweka kata chini. Nikawaonyesha kidole, maana yake subirini kidogo, inashuka.

Haikushuka. Beseni la kunawia mikono lilikuwa karibu. Nashukuru kwa hilo, maana kilichokuwa karibu zaidi ni mchungaji.

Nilitapika mbele ya pande zote mbili, kwa sauti, na povu. Shangazi akapiga ukelele uliofika barabara kuu. "Mmeona? Imemrudi mwenyewe!" Shemeji akanikumbatia kichwa: "Shemeji, umekunywa nini? Leteni maziwa, mpeni maziwa!" Na mlango wa chumba cha pili ukafunguka wote, Aikande akatoka na kilemba chake kizuri kimekaa upande.

Hakupiga kelele. Hilo ndilo lililonimaliza. Alisimama tu akasema, "Baba mkubwa, kama ulikuwa hutaki niolewe, si ungeniambia jana?"

Mimi nimepigwa pembe na fahali nikasimama. Nimewahi kukatwa tumbo nikaenda chooni mwenyewe siku hiyohiyo. Lakini sentensi ile ilinikalisha. Nikaona hapa nina njia moja tu. Nikafuta mdomo kwa kitambaa cha meza, nikasimama, nikashika shati na fulana pamoja, nikapandisha.

"Tazameni," nikasema. "Nilikatwa tumbo. Kwa daktari. Halipo. Limebaki kipande. Chakula hakiingii, ndio maana nakula unga. Ni unga wa nguvu za misuli, wanauza dukani, kopo liko nyumbani, lina picha ya kijana ambaye hajavaa shati kama mimi hapa."

Na suruali, kwa sababu mikono yangu yote ilikuwa juu, ikaanza safari yake kuelekea chini. Shemeji akaidaka kwa nyuma. (Mungu ambariki. Hakuiachia mpaka mwisho wa mazungumzo.)

Mnajua ngozi yetu inavyokuwa baada ya mafuta kuondoka. Inaning'inia kama koti la kuazima. Sikuwahi kumwonyesha mtu. Nyumbani nikitoka kuoga hata kioo nakipa mgongo. Na pale kwenye ile ngozi, vile vikovu vidogo vidogo, vimetawanyika kama nimepigwa risasi.

Mzee Samweli akavaa miwani yake sawasawa. Akainuka. Akaja akainama mbele ya tumbo langu kama mtu anayekagua maksai mnadani.

"Walipitia hapa?"

"Hapo, na hapo, na hapo."

"Wakatoa kiasi gani?"

"Sehemu kubwa."

"Wakaipeleka wapi?"

"Nini?"

"Hilo tumbo walilolitoa."

Nikafikiri. "Sijui."

"Hukuuliza?"

"Sikuuliza."

Akanyanyuka, akanitazama usoni. "Meku, mzee wangu, mchinjaji mzima. Mtu anakutoa tumbo lako mwenyewe na huulizi limeenda wapi?"

Mzee mmoja akaanza. Alijaribu kukohoa ili ionekane ni kikohozi. Halafu mwingine. Halafu yule wa kofia akavua kofia akajifunikia uso. Mwishowe sebule nzima ikavunjika, pande zote mbili, hata shangazi akakaa chini akifuta macho kwa kanga, anasema "nisamehe mkwe, nisamehe," na hawezi kumaliza. Aikande analia na kucheka kwa pamoja. Mimi bado nimeshika shati juu, maana hakuna aliyeniambia nishushe.

Mchungaji peke yake hakucheka. Alikuwa anafikiri. "Mzee Anaeli," akasema, "sasa yale mahubiri yangu?"

"Utashi ulikuwepo, mchungaji," nikamjibu. "Karatasi nilitia sahihi mwenyewe."

Mzee Samweli alichovya kidole kwenye kile kifuko akalamba. Akasema ni kama maziwa ya mtoto mchanga, ila yamekasirika. Supu ikaletwa upya, kata ikaoshwa. Nikaonja kiasi cha kulowesha mdomo, nikampa kwa mikono miwili, akanywa mpaka chini. Posa ikapokelewa. Kijana wao alikuwa amekaa kwenye gari nje muda wote huo, vioo juu na redio imewashwa, akingoja kuitwa, na hajui mpaka saa hizi alivyokaribia kurudi Mabogini bila mke.

Wengine walipoanza kula nikaenda jikoni, nikakaa kwenye kigoda karibu na moto. Sikutaka kuangaliwa na kile kidari. Shemeji akachukua kipande cha ini, akakiponda kwenye bakuli dogo, akatia supu kidogo, akaponda tena, akanipa na kijiko.

"Hili litapita?"

Nikajaribu. Nikasubiri. "Limepita."

Akakaa. Akaponda jingine.

"Uliporudi kutoka hospitali nani alikupikia?"

"Nilijipikia."

"Na kule hospitali, nani alikushika ulipoanza kusimama?"

"Ukuta."

Aliendelea kuliponda lile ini muda mrefu kuliko lilivyohitaji. Nami nikala polepole, kijiko, napumzika, kijiko, na kwa mara ya kwanza tangu nikatwe sikuwa nikila nimesimama. Nikaona ajabu kidogo. Sikujua niweke wapi mkono wa kushoto.

Nikadhani yameisha. Nilipokuja kuaga, Mzee Samweli akasema bado kuna neno moja. Mwenye nyumba aliyechafua kata ana faini yake, hiyo pia ni desturi, na hawawezi kuisamehe kwa sababu tu wamecheka. Nikamwambia ataje, mbuzi ninao.

"Mbuzi wako hatumtaki," akasema. "Kikao cha mahari tutafanyia kwako, huko mjini. Sisi wote na nyie wote. Na supu utapika wewe."

"Kwangu hakuna mtu wa kupika."

"Ndio maana nimesema wewe."

"Nyumba yenyewe haijazoea watu."

"Itazoea," akasema shangazi. Tena akaniuliza kama kwangu kuna mahali pakavu pa kuweka miguu. Nilistahili.

Nimekubali kwa sauti ya ukali, ili wasifikiri nimefurahi. Njia nzima nikishuka na pikapu nimekuwa nagombana nao kichwani. Wataniharibia sofa. Watoto wao watachora ukuta. Watakaa mpaka jioni. Shemeji amesema atakuja siku mbili kabla kufagia vile vyumba, na Aikande amesema atalala kwangu.

Nilipoingia nilipita jikoni kwanza. Sahani za marehemu mke wangu zipo, zimefungwa kwenye magazeti vilevile kama alivyoziacha. Nimefungua chache. Ni nzima.

Basi kilichonifanya niandike ni hiki, hayo mengine nimeyasema kwa sababu nimeshaanza. Anayetaka kucheka acheke hukohuko aliko, asinitumie vile vikatuni vya machozi. Lakini mwenye kujua anisaidie. Nyama nitapima mwenyewe, hapo msinifundishe. Ninachouliza ni sufuria. Supu ya sebule nzima inapikwa kwenye sufuria la ukubwa gani, na chumvi yake ni kiasi gani? Mimi najua ya mtu mmoja tu, na hata hiyo huwa inabaki.